Gari la GK Huhesabiwa la Kikenya kwa Kipimo Gani?

Nje ya majengo ya wizara hapa Nairobi, aghalabu utakuta Land Cruiser mbili zenye nambari za GK, yaani za Serikali ya Kenya, zimeegeshwa sambamba: moja ni pikapu ya kazi, nyingine ni Prado ya mkubwa. Zote zina nembo ya Toyota, na mpita njia anayelalamika kwamba kodi yake inapelekwa Japani huzilaumu zote kwa pamoja. Hata hivyo, pikapu za aina hiyo huunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ilhali Prado hushuka melini ikiwa gari kamili. Nimefanya kazi ya ununuzi wa umma kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini serikali hainunui magari yetu. Siwezi kulijibu kabla hatujakubaliana neno "yetu" lina maana gani, na hapo ndipo sheria zetu zenyewe zinapopishana.

Nembo haitufikishi mbali. Kule Marekani, Toyota Camry huundwa Kentucky, huku Buick Envision, yenye jina kongwe la Kimarekani, ikiundwa China. Ndiyo maana sheria yao ya mwaka 1933, inayoitaka serikali ya shirikisho inunue bidhaa za nyumbani, haiulizi jina la kampuni. Huuliza bidhaa imeundwa wapi, na vijenzi vilivyotoka nchini ni asilimia ngapi ya gharama ya vijenzi vyote. Kiwango hicho kiliwekwa asilimia 60 mwezi Oktoba 2022, kikapanda hadi 65 mwaka 2024, na kimepangiwa kufika 75 mwaka 2029. Sisi tuliwahi kuifuata njia ya nembo: mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa. Jina lilikuwa letu kabisa, lakini gari halikufikia kuundwa kwa ajili ya kuuzwa.

Wapo pia wanaopima kwa umiliki. Kwa kipimo hicho, kiwanda cha Isuzu East Africa kilicho hapa Nairobi ni cha kigeni, kwa sababu mwaka 2017 Isuzu ya Japani ilinunua hisa asilimia 57.7 zilizokuwa za General Motors. Hisa hutuambia faida inakwenda wapi, jambo ambalo si dogo, lakini hazituambii ni nani aliyeshika mashine ya kuchomelea.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaagiza upendeleo kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini na, panapohusika, zilizounganishwa nchini. Kwa upande wa magari, neno hilo "kuunganishwa" ndilo linalobeba mzigo wote.

Nilipoanza kazi hii nilidhani kuunganisha gari ni kukaza nati tu, mpaka siku nilipopelekwa kiwandani nikaonyeshwa njia mbili zilizo tofauti kama usiku na mchana. Katika njia ya kwanza, kichwa cha lori hufika kikiwa vipande vya bati, bado vya kijivu, vimepangwa ndani ya makasha ya mbao. Mafundi huvichomelea kimoja baada ya kingine, husawazisha maungio kwa mkono, hukizamisha kichwa kizima katika dawa ya kuzuia kutu, kisha hukipaka rangi. Niliinama chini ya lori moja nikaona springi zenye chapa ya karakana ya Nairobi, na betri yake pia ilikuwa imeundwa hapa hapa mjini. Katika njia ya pili, kichwa hufika kimekwisha pakwa rangi, kikiwa na vioo, viti na dashibodi, na kazi inayobaki ni kukiteremsha juu ya chesisi, kuunga nyaya, kufunga magurudumu na kutia oili. Magari ya njia zote mbili huitwa yameunganishwa Kenya.

Katika kamati moja ya tathmini niliyowahi kukaa, wazabuni wawili walileta barua za kuthibitisha kwamba magari yao yameunganishwa Kenya, zinazofanana karibu neno kwa neno, ingawa nilijua mmoja huchomelea na mwenzake hupokea vichwa vilivyopakwa rangi. Tuliwapa alama sawa, kwa kuwa fomu haikuwa na safu ya kuandika tofauti hiyo. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu tofauti iliyokosa safu ni ajira za watu.

Kinachonishangaza ni kwamba kipimo chenyewe tunacho. Sheria ya kodi ya mapato humtoza muunganishaji mpya wa magari kodi ya kampuni ya asilimia 15 kwa miaka 5 ya kwanza, na humwongezea miaka mingine 5 endapo thamani inayopatikana nchini itafikia asilimia 50 ya bei ya gari linapotoka kiwandani. Hivyo, mtoza kodi ana mizani ya kupimia Ukenya wa gari, lakini mnunuzi katika serikali hiyo hiyo huridhika na barua.

Sidai kwamba tuanze kesho na asilimia 50, kwa maana tungekosa magari ya polisi na ya kubeba wagonjwa. Kiwanda cha matairi cha Sameer Africa kilisimamisha uundaji hapa Nairobi mwaka 2016, na kila kijenzi kinachopotea namna hiyo hushusha kiwango tunachoweza kukifikia. Mwenye karakana ya vijenzi huhitaji oda za kutabirika, lakini sisi tunanunua vipande vipande, kila idara na kila kaunti ikichagua modeli yake. Mwaka 2009, Hazina ilipotaka maafisa warudishe magari makubwa na kununua Volkswagen Passat, iliweka kikomo cha ujazo wa injini cha cc 1800. Kikomo hicho kililenga mafuta na gharama, si Ukenya wa gari, na magari yenyewe yaliletwa yakiwa kamili.

Ninapoombwa ushauri siku hizi, huwaambia maafisa wenzangu waongeze katika hati ya zabuni jedwali la ukurasa mmoja: kichwa kilichomelewa wapi na kupakwa rangi wapi, springi, betri, viti na ekzosi vilitoka kwa nani, na thamani ya hivyo vyote ni kiasi gani cha bei ya kiwandani. Kisha, kabla ya kutia saini, mtu mmoja wa kamati aende kiwandani na jedwali hilo mkononi, ainame chini ya gari na kusoma chapa.