Sangara, silaha na sanaa: tunayosema Mwanza na yaliyo kweli

"Ile filamu ilionyesha silaha zikishushwa uwanja wa ndege wa Mwanza."

Nimelisikia hili mitaani Mwanza, Kirumba na Igogo, na wanaolisema huapa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, filamu ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazobeba minofu yao kwenda Ulaya, haina picha ya hata bunduki moja ikishushwa. Kilichomo ni rubani anayesimulia kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kwenda Ulaya. Watoto wa Angola wakapata silaha, wa Ulaya wakapata matunda. Kwangu huo ndio moyo wa filamu nzima, na huniuma kila nikiukumbuka. Lakini masimulizi ya safari ya Angola si ushahidi wa mzigo ulioshuka kwetu. Msanii angeliweka hilo wazi zaidi, maana ubishi umewafunika watu aliotaka tuwaone.

"Basi yote ni uongo, hata mapanki."

Rais Kikwete aliikosoa vikali filamu hiyo mwaka 2006, na wengine wakadhani hakuna cha kweli ndani yake. Mapanki yapo. Kiwanda kikishachukua minofu ya sangara kwa soko la nje, hubaki vichwa na mifupa, navyo hukaushwa, hukaangwa na kuuzwa. Wapo akina mama waliosomesha watoto kwa moshi ule, na hawana la kuonea aibu. Swali ni kwa nini minofu ya ziwa letu inamshinda bei anayeishi kando yake.

"Vita ni mambo ya mbali."

Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyomsaidia Idi Amin, ilikuja kuipiga Mwanza. Ikakosa shabaha, ikaua wanyama kisiwani Saanane. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta ziwani maelfu ya miili kutoka Rwanda, ikaopolewa na kuzikwa upande wa Uganda.

"Sanaa ya kupinga vita lazima ionyeshe damu."

Baada ya vita vya Msumbiji kwisha mwaka 1992, watu walisalimisha bunduki wakapewa majembe, baiskeli na vyerehani. Mwaka 2001 msanii Kester aliziunganisha baadhi akaunda kiti cha enzi, ambacho sasa kipo makumbusho ya London. Hakina tone la damu. Ni mitutu na vitako tu, na katika bunduki zote zilizokiunda hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika.