Siku tatu si hukumu ya kifo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, ujumbe huu haukauki: mbwa au paka akipelekwa makao ya wanyama, siku ya tatu anadungwa sindano ya kumuua. Si kweli.

Zinakotoka hizo siku tatu panaeleweka. Katika majimbo mengi ya Marekani, makao hutakiwa kumshikilia mnyama aliyeokotwa kwa siku kadhaa ili mwenyewe apate nafasi ya kumfuata. Muda ukiisha, makao huruhusiwa kumtafutia mlezi mpya au kumhamishia kwingine. Wapo wanaouawa, tusifiche: wagonjwa mahututi, wakali kupindukia, au pale nafasi inapokosekana. Lakini kalenda pekee haimuui mnyama. Huku kwetu, wengi huchanganya makao na kampeni za kuua mbwa koko kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

Una shaka? Pigia simu makao yenyewe, uulize: mwezi uliopita mlipokea wangapi, wangapi walichukuliwa, wangapi walikufa? Ujumbe wenyewe usiusambaze. Kuna anayeusoma, kisha anamtupa paka wake sokoni usiku akidhani anamwokoa.