Kihami joto cha mimea ni nini?

Kihami joto ni kitu kinachopitisha joto kwa shida. Kikiwa cha mimea, tunazungumzia nyasi, mabua au maganda ya mpunga yanayowekwa darini au ukutani. Kazi yenyewe lakini haifanywi na mmea, bali na hewa iliyotulia katikati yake. Ndiyo maana nyasi zilizoshindiliwa mno au kulowa hazisaidii sana: hewa imetoka, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Wengi huchanganya jambo hili na ubaridi wa tembe la Kigogo, nyumba ya asili ya Dodoma yenye paa la udongo. Udongo ule mzito juu ya miti hauzuii joto, unalichelewesha. Hulinyonya mchana kutwa, kisha huliachia usiku, nje kukiwa kumepoa. Bati haliwezi hata hilo. Saa saba mchana mwezi Oktoba halishikiki, na chini yake kinachotakiwa ni kihami.

Kwa Dodoma, maganda ya mpunga ni bora kuliko mabua ya mtama. Maganda yale magumu ya mashineni, si pumba laini za kulishia kuku. Yana silika nyingi, madini magumu yaliyomo kwenye mchanga, hivyo hayaozi upesi wala mchwa hawayachangamkii. Bua la mtama lina moyo mtamu, na mchwa wa huku hawangoji kukaribishwa.

Chumba cha mita 3 kwa 3, kwa unene wa sentimita 10, kinakula lita 900 za maganda, yaani madebe 45. Ongeza matano, maana yatashuka. Uzito unaweza kupita kilo 100, kwa hiyo fundi aambiwe kabla hajapigilia dari. Anika maganda mpaka ukiyafumba kiganjani yachakarike na kumwagika bila kushikana. Changanya chokaa ya unga, kilo 1 kwa kila kilo 20.

Yakishatandazwa, usiyafunike kwa nailoni. Asubuhi za Juni bati hutoa jasho kwa ndani, na unyevu ukishanaswa chini ya nailoni hautoki. Acha nafasi ya hewa chini ya bati. Nyaya za umeme zipite kwenye mabomba yake juu ya maganda. Zikifukiwa hupata moto, na maganda huungua polepole bila mwali.

Mvua za kwanza za Desemba zikipita, panda darini. Palipoganda kama keki, bati linavuja hapo: ziba, chota yaliyolowa, jaza makavu.