Mapacha wanaotumia kondo moja: kwa nini anayepokea damu nyingi naye huumia?

Ukiambiwa kwamba pacha mmoja tumboni anampelekea mwenzake damu, unamhurumia mara moja yule anayepunguziwa. Kweli yuko taabani. Lakini mwenzake aliyejaziwa naye yuko hatarini, na moyo wake unaweza kushindwa kabla hajazaliwa.

Jambo hili haliwahusu mapacha wote. Wasiofanana hutokana na mayai mawili, na kila mmoja huwa na kondo lake, hata kama makondo hayo yamebanana yakaonekana kama moja. Kwa wanaofanana, inategemea yai lililorutubishwa liligawanyika lini. Likigawanyika ndani ya siku tatu hivi za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, kondo huwa moja na chupa za maji mbili. Likichelewa zaidi, hata chupa huwa moja. Kati ya mapacha wa kufanana, kama saba katika kila kumi hutumia kondo moja.

Damu ya mama haiingii mwilini mwa mtoto. Moyo wa mtoto husukuma damu iliyokwisha kutumika kupitia ateri mbili za kitovu hadi kwenye kondo. Humo mishipa hugawanyika mpaka kuwa myembamba kuliko unywele, ikizungukwa na damu ya mama. Oksijeni na glukosi huvuka ukuta mwembamba kuingia kwa mtoto, kabonidayoksaidi huvuka kutoka, kisha damu hurudi kwa vena moja. (Tumezoea kwamba ateri ndizo zenye damu safi, kwenye kitovu ni kinyume.)

Kondo likiwa la wawili, mishipa yao huungana, na makondo ya aina hii yasiyo na maungio ni nadra sana. Daktari Mjerumani Friedrich Schatz aliyachunguza maungio hayo katika karne ya 19 na kuyaona kama mzunguko wa tatu wa damu, mbali na ule wa kila mtoto. Maungio ya ateri kwa ateri huruhusu damu kwenda na kurudi kufuata shinikizo, hivyo husaidia kuweka mizani. Yenye matata ni ya ateri kwa vena. Hapo fungu moja la kondo hupokea damu ya pacha wa kwanza, huijaza oksijeni na sukari ya mama, kisha huimimina kwenye vena ya pacha wa pili. Ni njia ya kwenda tu. Kama hakuna ungio jingine la kuirudisha, wa kwanza anazidi kupungukiwa.

Mara nyingi hesabu husawazika. Katika mimba 10 hadi 15 hivi kwa kila 100 za kondo moja, haisawaziki, na hapo figo ndizo zinazoonyesha mambo. Katika nusu ya pili ya mimba, sehemu kubwa ya maji ya chupa ni mkojo wa mtoto. Anayetoa damu hukojoa kidogo, chupa yake hukauka, na utando humbana kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mwenzake, aliyejaa damu kupita kiasi, hukojoa mfululizo, na tumbo la mama huvimba ghafla.

Kuna jambo jingine linaloniduwaza. Figo za yule mwenye upungufu hupiga mbiu kwa homoni iitwayo renini, ili mishipa ibane na maji yasipotee. Lakini damu yake inavuka kwa mwenzake, na mbiu hiyo inavuka nayo. Mpokeaji, ambaye figo zake zimeshanyamazisha renini yake mwenyewe, anapandishwa shinikizo na homoni ya kiu isiyo yake. Moyo wake unasukuma damu nyingi mno katika mishipa iliyobanwa, na misuli yake inanenepa.

Hali hii isichanganywe na ile ya kugawana kondo visivyo sawa, mmoja akipata kipande kikubwa na mwingine kidogo. Huko shida ni eneo la kulishwa. Mwili wa mdogo hubana matumizi: damu huelekezwa kwenye ubongo, moyo na tezi za juu ya figo, huku utumbo na ngozi vikipata kidogo. Ini halina akiba ya sukari ya kutosha, na mafuta ya mwili ni haba. Cha ajabu, maungio yaleyale yanaweza kumwokoa, kwa kuwa damu yenye lishe kutoka kwa pacha mkubwa humfikia. Ukiyafunga, unamwachia kipande chake tu.

Kwa hiyo uamuzi wa kuchoma maungio kwa leza, kupitia kamera nyembamba ndani ya mfuko wa uzazi, hauchukuliwi kirahisi. Damu inapohama kwa wingi, ndiyo tiba inayopendekezwa. Jaribio kubwa la Ulaya la 2004 lilionyesha kwamba inawafaa watoto kuliko kupunguza maji tu. Ili tatizo lionekane mapema, idadi ya makondo hutazamwa kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 14, kisha mama hupimwa kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16.

Leza ikiruka vimishipa vya chini ya milimita moja, damu huendelea kuvuja polepole bila kubadili maji ya chupa. Mtoto mmoja huzaliwa amepauka, mwingine mwekundu sana. Kondo nalo, likigeuzwa upande uliokuwa umeshikana na mama, huwa na rangi mbili: nusu imepauka, nusu imekoza wekundu.