Tairi Limekaza? Weka Chini Hilo Bisibisi Kwanza

"Fundi, mbona unalibembeleza? Tia nguvu bwana, litatoka tu!"

Hiyo naisikia karibu kila ninapopewa gurudumu la baiskeli lenye tairi gumu, na aliyeisema mara nyingi keshapambana nalo nyumbani kwa bisibisi. Ndiyo maana tyubu inanifikia ina matundu matatu badala ya lile moja la mwiba. Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimechuchumaa, acha niliandike.

"Tairi likikaza linataka nguvu na chuma kirefu"

Halitaki. Ndani ya kingo za tairi mna waya. Matairi mengi ya huku yana waya wa chuma, na yale mepesi yanayouzwa yakiwa yamekunjwa yana nyuzi za aramidi, uzi mgumu sana usio wa chuma. Vyote viwili vimetengenezwa visivutike, kwa sababu vingekuwa vinavutika tairi lingechomoka kwenye ringi siku ya kwanza tu ukilijaza upepo. Kwa hiyo hata ukileta bisibisi la urefu wa mkono, waya hauongezeki. Utaupinda waya, utaitoboa tyubu au utaitia ringi jeraha, na kama ringi yenyewe ni ya aluminiamu na inabanwa na mipira ya breki, jeraha hilo utalisikia kila ukifunga breki.

Basi nafasi inatoka wapi? Iko kwenye ringi yenyewe. Siku ukiwa na ringi tupu mkononi, itazame kwa ubavu. Kila upande mna kitako, na tairi likijaa waya unakalia hapo. Katikati kuna mfereji uliozama. Watu wanadhani mfereji ule ni wa kufichia vichwa vya spoku. Kumbe umewekwa ili waya upate pa kuangukia wakati wa kuvalisha na kuvua. Chukua mfereji uliozama milimita 3 tu chini ya kitako: mzunguko wake ni mfupi kwa karibu milimita 19 kuliko mzunguko wa kitako. Hizo ni karibu sentimita 2 za ulegevu, na umezipata bure. Waya ukiwa bado umekalia kitako, huna hata milimita moja, na hapo ndipo mtu anaanza kutafuta bisibisi.

Kazi nzima, kwa hiyo, inafanywa na viganja kabla chuma hakijagusa tairi. Toa upepo wote. Fungua nati ya valvu kama ipo, na uisukume valvu irudi ndani kidogo ili isizibe mfereji. Halafu nenda upande wa gurudumu ulio mbali na valvu, shika tairi kwa mikono miwili, ubane kingo zote mbili zikutane katikati. Tairi lililokaa muda mrefu litatoa mlio wa kuachia, "tak". Likikaa kimya, bana tena, usijidanganye. Endelea kubana ukishuka pande zote mbili kuelekea kwenye valvu, mkono huu kulia na huu kushoto, kisha rudia mzunguko mzima, kwa sababu waya una tabia ya kupanda tena kitakoni ukigeuza mgongo. Ukifika kwenye valvu mara ya pili, kamata tairi ulivute kwako. Utaona linanyanyuka. Ulegevu wote umekuja kukusanyika hapo, na hapo hapo, pembeni kidogo ya valvu, ndipo chuma kinapoingia.

Wengi wanaanza upande wa pili kwa kuiogopea valvu. Wanajinyima wenyewe. Shina la valvu limesimama katikati ya mfereji, kwa hiyo pale waya hauwezi kuzama vizuri. Ukiinua tairi upande wa mbali, unategemea ulegevu kutoka mahali pekee pasipoweza kuutoa.

Kama tairi ni kaidi kweli, au uko peke yako na mikono imechoka, chukua ule mpira wa kufungia mzigo kwenye keria. Ukishabana tairi upande wa mbali na valvu, lizungushie mpira huo pamoja na ringi, ukaze. Waya utabaki umelala mferejini wakati wewe unahangaika upande wa pili. Mimi nafunga sehemu mbili, na wanaonicheka kwa hilo baadaye wanakuja kuniomba huo mpira.

Chuma chenyewe kiwe na ncha bapa iliyolainishwa. Mpini wa kijiko cha chuma uliosuguliwa kwa msasa unafanya kazi vizuri kuliko bisibisi lolote. Kwa ringi ya aluminiamu, vile vijiti bapa vya plastiki vya kutolea tairi ni bora zaidi. Kiingize mpaka kiupite waya tu basi, kwa sababu kikizama zaidi kinakamata tyubu. Cha pili kiwe karibu na cha kwanza, upana wa vidole vitatu hivi. Ukikiweka mbali kwa tamaa ya kumaliza haraka, unataka kuinua waya mwingi kuliko ulegevu ulionao, na matokeo yake ni yale matundu mawili yanayokaa sambamba, ambayo mwenye baiskeli anakuja kuniambia ni miiba miwili. Miiba haipimi hivyo, kaka.

Umefanya yote haya na tairi bado limegoma? Basi mfereji umejazwa. Hapa ndipo nataka kulalamika kidogo. Badala ya utepe mwembamba wa kufunika vichwa vya spoku, mtu anakata tyubu kuukuu na kuizungusha ndani ya ringi mara mbili, hata tatu. Mwingine, kwa kuogopa miiba ya migunga, anaweka tairi kuukuu ndani ya tairi jipya. Namwelewa, barabara zetu tunazijua. Lakini kila tabaka la mpira linaula ule ulegevu. Ukiuziba mfereji kwa milimita 3 za mpira, umeufuta. Tairi kama hilo nalitoa kwa shida, na likishatoka natupa mipira yote ile na kuweka utepe mmoja, mwembamba, wenye upana unaokaa ndani ya mfereji bila kupanda vitakoni. Mwenye baiskeli akirudi safari nyingine analitoa kwa mikono yake, na anasema tairi "limelegea".

"Tairi linalotoka kwa mikono ni feki"

Ni dhana iliyozaliwa na ile ya juu. Tairi linashikwa kwenye ringi na kipimo sahihi cha waya pamoja na upepo unaolisukuma pembeni. Ugumu wa kulitoa likiwa halina upepo hauna uhusiano na uimara wake barabarani. Tairi zuri kwenye ringi yenye mfereji wa kutosha mara nyingi linatoka bila chuma chochote. Shukuru, panda baiskeli uende.

"Paka grisi, litateleza"

Hapana! Mafuta ya petroli, grisi, oili chafu na dizeli vinauvimbisha na kuuoza mpira, na kama breki zako zinabana ringi, umejitengenezea ajali kwenye mteremko wa kwanza. Maji ya sabuni yanatosha. Pakaza kwenye kingo, na yakikauka yanaacha tairi likishika kama kawaida.

"Lianike juani, waya utatanuka"

Jua linasaidia kitu kimoja: mpira unalainika, na tairi jipya lililokunjwa dukani linarudi kwenye umbo lake. Waya ni habari nyingine. Waya wa tairi la 622, yaani lile ambalo waya wake unakaa kwenye kipenyo cha milimita 622, una urefu wa karibu milimita 1,950, na joto likipanda kwa nyuzi 30 unaongezeka milimita 0.7 hivi. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukianika gurudumu zima, ringi inatanuka kuliko waya, na umeongeza tatizo. Anika tairi peke yake, kabla ya kulivalisha.

"28 ni 28"

Hii inawagharimu watu pesa. Tairi la 28 x 1½, lile la baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo, na tairi la 28 x 1.75 yana jina moja lakini si ndugu. Acha inchi, soma tarakimu ndogo zilizochorwa ubavuni. Utakuta kitu kama 40-635 au 47-622. Namba ya kwanza ni upana, na ya pili ni kipenyo cha mahali waya unapokaa, vyote kwa milimita. 635 na 622 zinatofautiana milimita 13 kwa kipenyo, yaani karibu milimita 41 kwa mzunguko, na hakuna mfereji wala maji ya sabuni ya kukuokoa hapo. Kwa 26 hali ni mbaya zaidi: 26 x 1⅜ ni 590, 26 x 1.95 ni 559. Mteja aliyeuziwa "26" dukani analeta tairi ambalo limeshapigwa nyundo, waya umejikunja, na anataka mimi nilimalizie. Nenda dukani na namba ya tairi la zamani, imeandikwa kwenye karatasi au imepigwa picha kwa simu.

"La bila tyubu limegandishwa na gundi, likatwe"

Matairi haya yanazidi kuingia, hasa kwenye baiskeli za mtumba. Ile gundi ni dawa ya kuziba pancha iliyokauka ukingoni, na ringi zake nyingi zina kijituta kinachouzuia waya usishuke mferejini. Ndiyo maana linaonekana limeungana na ringi. Laza gurudumu chini, diski ya breki ikiwa juu au imefunguliwa, ukanyage ubavu wa tairi karibu kabisa na ringi kwa ukingo wa kiatu, bila kugusa spoku. Sehemu moja ikishuka, nyingine zinafuata kwa viganja, halafu ni mwendo ule ule wa kuelekea kwenye valvu.

Kisu ni cha tairi lililokwisha maisha tu. Kata ubavu kwanza, vuta waya mbali na ringi, ndipo uukate kwa koleo. Usitumie msumeno wa chuma juu ya ringi, kwa sababu ukiteleza mara moja utanunua tairi na ringi kwa pamoja.