Somo la dini, falsafa na maadili katika A-level ya Uingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwanafunzi anayelichagua anasomea dini yake.
Mzazi aliyesoma Tanzania, ambako ngazi inayolingana na A-level, yaani kidato cha tano na cha sita, ina Divinity (somo la dini ya Kikristo) kwa Wakristo na Maarifa ya Uislamu kwa Waislamu, hukosea hapa kwa urahisi. Katika mtaala wa bodi ya mitihani ya OCR, ulioanza kufundishwa mwaka 2016, kuna karatasi tatu zenye uzito sawa: falsafa ya dini, dini na maadili, na fikra za dini moja mahsusi, iwe Ukristo, Uislamu, Uyahudi, Ubuddha au Uhindu. Theluthi mbili za somo, basi, ni wanafalsafa kama Plato, Aristotle, Hume, Kant na wenzao.

Dhana: Mwenye imani thabiti ana nafasi kubwa zaidi ya kufaulu.
Msahihishaji hapimi imani. Katika kila karatasi, yenye muda wa saa mbili, mtahiniwa huandika insha tatu za alama 40 kila moja, na kati ya hizo alama 16 ni za maarifa na 24 ni za kuchambua na kutathmini. Chukua suala la uovu. Augustine, mwanateolojia wa Kikristo wa kale, alishikilia kwamba uovu ni upungufu wa wema, uliotokana na viumbe kuitumia vibaya hiari yao, ilhali John Hick, mwanafalsafa wa dini wa karne ya ishirini, aliiona dunia kuwa mahali ambapo roho ya binadamu hukomazwa kwa majaribu. Anayewaeleza wote wawili kwa ufasaha, kisha akahitimisha kwamba Mungu yupo bila kujiuliza kama maelezo hayo yanatosha kwa mateso ya mtoto mchanga asiyepata hata muda wa kukomazwa, ameziacha mezani zile alama 24. Na anayemkana Mungu kwa sentensi moja ya dharau amefanya vivyo hivyo.

Dhana: Falsafa itamharibia kijana imani.
Hofu hii naielewa, lakini inasahau hoja za falsafa ya dini zilikotoka. Anselm, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1093, aliiandika hoja yake maarufu juu ya kuwapo kwa Mungu kwa mtindo wa sala, na aliyeipinga, Gaunilo, alikuwa mtawa kama yeye. Mwandishi wa maisha ya Anselm, Eadmer, anasimulia kwamba Anselm alitaka pingamizi hilo na jibu lake vinakiliwe pamoja na kitabu chake.

Dhana: Maadili ni mafunzo ya tabia njema.
La. Ni kulinganisha nadharia, kama vile wajibu kwa mujibu wa Kant na manufaa kwa mujibu wa Bentham na Mill, kisha kuzijaribu katika mambo magumu, likiwamo la kukatisha uhai wa mgonjwa asiye na tumaini la kupona.

Dhana: Ni somo jepesi lisilothaminiwa na vyuo vikuu.
Chanzo kimojawapo ni orodha ya masomo yaliyopendekezwa na Russell Group, kundi la vyuo vikuu vya Uingereza vinavyosifika kwa utafiti, tangu mwaka 2011, ambayo haikulitaja. Orodha hiyo iliondolewa mwaka 2019. Shahada ya sheria kwa kawaida haidai somo maalumu la A-level, na anayeiomba hapungukiwi kitu kwa kuwa na hili. Udaktari ni jambo jingine: vyuo vingi hudai kemia, na insha juu ya Kant, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kushika nafasi yake.