Kufupisha kitako cha bunduki: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Weka kitako kwenye kiwiko, kidole kikifika kwenye triga, bunduki inakufaa." Kipimo hiki ndicho kinachowaponza wengi. Kinapima mkono tu, ilhali bunduki huletwa usoni. Tazama urefu wa shingo, upana wa kifua, unene wa nguo za porini, na nafasi kati ya pua na gumba unapolenga: vidole viwili hivi vikipita, inatosha. Kitako kifupi mno hupeleka gumba puani, na bunduki yenye darubini hukupasua nyusi.

Wengine hudhani mpira unaofungwa nyuma ya kitako kupunguza maumivu ya teke hauhesabiwi katika urefu. Bunduki haina mpira na ina inchi 14 kutoka triga hadi katikati ya uso wa nyuma wa kitako. Mwenyewe anataka 13. Anakata inchi moja, anafunga mpira wa inchi moja, amerudi palepale. Alipaswa kukata mbili.

Kosa baya zaidi ni la pembe. Fundi wa samani hupima kwa kufuata ukingo wa juu wa mbao, nao umeteremka. Mstari mpya wa kukatia uwe sambamba na uso wa nyuma wa zamani wa kitako, la sivyo ncha ya chini itakuchoma kifuani kila ufyatuapo. Zungushia teipu, tumia msumeno wa meno madogo, mbao isichanike. Kisha ziba sehemu iliyokatwa kwa vanishi, maana hapo ndipo unyevu huingia kwa urahisi.

Mpira wa zamani nao haurudi ulivyokuwa. Mbao hupungua unene kuelekea mbele, hivyo mpira utazidi pembeni. Lazima usagwe kwa msasa wa mashine kwa kufuata mteremko wa chini wa kitako. Ukisagwa wima, unabaki na pembe ya ajabu isiyoendana na mbao.

Eti mpira laini huondoa teke? Jumla ya msukumo ni ileile. Mpira huitawanya na kuichelewesha tu.

Wala si kila bunduki hukatwa ovyo: Remington 1100, bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, ina bomba la springi ndani ya kitako.

Na kwa Marekani, kukata kitako peke yake si kosa. Sheria ya shirikisho ya 1934 hutazama, kwa bunduki za marisau, mtutu usiopungua inchi 18 na urefu wote usiopungua 26. Mtutu wa inchi 28 peke yake umeshapita hapo. Wenye mitutu mifupi ndio wapime kabla ya kushika msumeno.